Safari ya Siku Sita

Hapana mtoto asiyependa kutembezwa, na wazazi wasiopenda kuwatembeza watoto wao wapatapo nafasi ni wachache. Lakini kupenda ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Mzazi aghalabu huchagua mahali kwa macho yake mwenyewe: hutazama sifa za mahali, umri wa kuta zake, na wingi wa watu waendao huko. Mtoto hachagui hivyo. Yeye hutazama kilicho karibu na mkono wake, na hukumbuka nani alikuwa amemshika mkono huo. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno, lakini yaweza kuiharibu likizo nzima au kuitengeneza. Habari ya mtu mmoja aliyewapeleka watoto wake Mombasa katika likizo ya Desemba mwaka 2022 yaweza kulidhihirisha jambo hili vizuri kuliko hoja nyingi.

Mtu huyu alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akaondoka huko akiwa kijana kwenda kutafuta elimu, kisha kazi, akatua Nairobi. Alikuwa mhasibu. Alikuwa na mke na watoto watatu: kifungua mimba, msichana wa miaka 12, wa kati, mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba, msichana wa miaka 5. Mama yake mzazi, bibi wa miaka 75, alibaki katika nyumba ileile ya zamani, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Ngome ya Yesu. Kwa miaka minne mhasibu hakuwa amekwenda kumwamkia mama yake ila kwa simu. Kila mwaka aliahidi, na kila mwaka kazi ilimzuia, au alijizuia mwenyewe akaisingizia kazi. Basi mwaka ule alipopata ruhusa ya siku sita aliichukua kama mdaiwa achukuavyo fedha za kulipa deni. Alitaka kuwalipa watoto na kumlipa mama yake kwa mara moja.

Kama ilivyo desturi ya watu wa hesabu, aliandika. Katika daftari ndogo alipanga mahali kumi na pamoja pa kutembelea: Ngome ya Yesu, machimbo ya Bamburi yaliyogeuzwa kuwa msitu, Bustani ya Mama Ngina, vilima vya Shimba, kisiwa cha Wasini, magofu ya Gedi, nyumba ya vipepeo, msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida, mnara wa Vasco da Gama ulioko Malindi, na pwani ya Bamburi. Mbele ya kila jina aliandika siku, saa, nauli na kiingilio. Mkewe alipolisoma daftari alisema, "Hapa sioni saa ya kulala." Mumewe akacheka, akadhani ni mzaha.

Walishuka kwa treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Njiani baba aliwaeleza watoto kuwa reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na kwamba mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwala wajenzi hata kazi ikasimama. Watoto walisikiliza habari ya simba, wakaiacha ile ya reli. Kisha ndovu walitokea upande wa kushoto, wekundu kwa vumbi la nchi ile, na baada ya hapo hapana neno lililosikika ila vifijo vya madirishani. Jioni waliingia Mji wa Kale. Bibi alikuwa barazani akiwangoja. Watoto walimshika mkono mmoja mmoja, "Shikamoo, Bibi," naye akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," akimtazama kila mmoja kwa muda mrefu kama asomaye barua iliyochelewa kufika.

Asubuhi ya kwanza, baada ya mahamri na mbaazi, baba alifungua daftari akasema wataanza na Ngome kwa kuwa iko mlangoni. Bibi, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisema bila ya kuinua uso, "Cha mlangoni hakikimbii. Waanze na cha mbali." Neno lilikuwa na busara, na gari lilikuwa tayari, wakaenda Bamburi.

Mahali pale panastahili kutajwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ni darasa na bustani kwa pamoja. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kwa miaka mingi kilichimba mawe ya matumbawe hata yakabaki mashimo makubwa meupe, yasiyo na udongo wala kivuli, yenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kuiotesha miti humo. Miti mingi ilikufa. Mivinje ikavumilia. Lakini mvinje nao ulileta taabu yake: majani yake membamba yalianguka, yakarundikana, yasioze, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo walipoletwa majongoo. Majongoo yaliyala majani yale makavu, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo. Juu ya udongo ule ikaota miti mingine. Na ilipokuwapo miti wakaja ndege na wanyama. Leo mtu apitaye chini ya vivuli vile hawezi kuamini kuwa anatembea ndani ya shimo la mawe.

Baba alikuwa amejitayarisha kuwaonyesha watoto twiga, viboko na mamba, na kuwasimulia habari ya Owen na Mzee. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyekwama baharini karibu na Malindi katika siku za tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa, akaletwa hapo, akamfuata kobe mkubwa aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi kana kwamba ndiye mama yake. Wakala pamoja na kulala pamoja, mpaka baadaye walipotenganishwa ili kiboko akae na viboko wenzake. Habari hiyo iliwapendeza watoto. Kitinda mimba aliuliza kama kobe alilia walipotenganishwa, na baba hakuwa na jibu. Lakini kilichomshika mvulana wa kati kilikuwa ni jongoo. Alichuchumaa mbele ya jongoo mmoja mwenye miguu myekundu, akakaa hapo karibu robo saa. "Huyu mdogo ndiye aliyeutengeneza msitu wote?" aliuliza. Baba alitazama saa yake. Daftari lilisema kwamba wakati wa majongoo umekwisha. Lilikuwa halikuutaja wakati wa majongoo hata kidogo.

Siku ya pili walikusudia kwenda vilima vya Shimba, mahali pekee katika Kenya ambapo palahala hupatikana. Walichelewa kuondoka. Walipofika kivuko cha Likoni umati ulikuwa mkubwa. Wakaingia katika pantoni pamoja na watu wa miguu, ambao hawatozwi nauli, na meli moja kubwa ya mizigo ikapita mbele yao kuingia Kilindini. Ilikuwa ndefu kama mtaa. Watoto walinyamaza kwa mshangao. Walipofika ng'ambo wakaomba kurudi. Waliporudi wakaomba kwenda tena. Walivuka mara nne bila ya kulipa hata senti moja, na palahala wakasahauliwa vilimani kwao. Jioni walikwenda Bustani ya Mama Ngina, ambayo ilifanywa upya mwaka 2019, wakaketi chini ya mibuyu kuitazama bahari, wakala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na mabuyu yaliyowatia wekundu ulimini. Hiyo ilikuwa siku njema kuliko zote za mwanzo. Lakini baba alilala akihesabu yaliyopotea. Mtu akiisha kuligeuza pumziko kuwa kazi, hata furaha huonekana kwake kuwa ni kuchelewa.

Kwa ajili ya kufidia, siku ya tatu alitia mambo matatu katika siku moja. Waliondoka alfajiri kwa gari la kukodi. Njia ya Mtwapa ilikuwa na msongamano wa magari, nao walifika Gedi jua limekwisha kuwa kali. Magofu ya Gedi yamo ndani ya msitu, kusini ya Malindi, karibu na Watamu. Ulikuwa mji wa Waswahili uliositawi sana katika karne ya 15, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na vyoo vya nyumbani, na vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina. Ukahamwa katika karne ya 17. James Kirkman aliuchimbua kati ya mwaka 1948 na 1958, na mwaka 2024, baada ya safari hii, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Baba aliyasema mengi ya haya mbele ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399. Watoto walikuwa wakimtazama kima aliyekuwa ukutani akimenya ndizi aliyomnyang'anya mgeni mmoja.

Katika nyumba ya vipepeo, iliyo palepale Gedi, walipumua kidogo. Mradi ule ulianzishwa mwaka 1993 ili wakulima wanaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wapate riziki kwa msitu uliosimama badala ya msitu uliokatwa: hufuga viwavi, na vifukofuko vyao huuzwa ng'ambo katika nyumba za maonyesho. Kitinda mimba alisimama kimya, kipepeo mmoja akatua begani pake. Hapo ndipo siku ilipopaswa kukoma. Lakini daftari lilisema Malindi, wakaenda Malindi. Saa nane za mchana walisimama juu ya mwamba mbele ya mnara mweupe wenye msalaba, ukumbusho wa Wareno waliofika huko na Vasco da Gama mwaka 1498. Hapakuwa na kivuli. Mdogo alianza kulia. Wakubwa wawili wakagombania chupa ya maji hata ikamwagika yote. Baba akapaza sauti, "Mnajua nimetumia fedha ngapi kuwaleta hapa?"

Mkewe akamjibu polepole, "Fedha umezitumia, Baba Watoto. Kubaki nao bado."

Walirudi usiku bila ya mazungumzo. Kitinda mimba alikuwa na homa.

Daktari alisema ni jua na uchovu. Anywe maji, apumzike. Basi siku ya nne hapakuwa na safari. Mama aliwachukua wakubwa wawili kwenda sokoni. Baba alikaa chumba cha pili na daftari lake, mlango ukiwa wazi. Na mgonjwa alilazwa juu ya mkeka ukumbini, bibi akimpepea kwa kipepeo cha ukindu. Mtoto akakitazama chombo kile, akauliza chaitwaje. Alipoambiwa ni kipepeo alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Hiki hakiruki, Bibi."

"Kiliruka ujanani," bibi akasema. "Sasa kimezeeka."

Mtoto alifikiri kidogo. "Na wewe ulipokuwa mdogo, ulitembezwa wapi?"

"Palepale ngomeni."

"Ukaona nini?"

"Lango."

"Na ndani?"

"Ndani sijaingia mpaka leo."

Katika chumba cha pili kalamu ilisimama. Mhasibu alikuwa amezaliwa katika nyumba ile, amecheza chini ya kuta za Ngome, ameingia ndani na wanafunzi wenzake mara mbili au tatu. Na kila mara mama yake alimpa senti za kiingilio, lakini hakumwuliza ameona nini. Alikuwa ameliona jambo hilo bila ya kulitazama. Sasa alilitazama.

Bibi alimsimulia mtoto kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza namna ya kupika. Ngome ile ilikuwa jela ya serikali ya Waingereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Mwaka 1955, yeye akiwa na miaka minane, baba yake alikuwa hamali wa bandarini. Magunia ya sukari yalihesabiwa, yakapatikana pungufu. Baba akafungwa miezi tisa.

"Hakuichukua, Bibi?"

"Aliichukua. Sisi ndio tulioinywa katika chai."

Mama yao aliwaambia watoto, na majirani pia, kuwa baba amesafiri. Kenda Lamu na jahazi. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukauliza habari za Lamu. Kisha siku moja binti alitumwa mkate, akapita mbele ya Ngome wakati wafungwa wanatolewa kwenda kazini, wamepangwa safu. Katika safu ile alimwona baba yake. Akaita, "Baba!" Yule mtu hakugeuka. Binti alikimbia nyumbani kumwambia mama yake, naye akajibiwa, "Umemfananisha. Baba yako yuko safarini." Ilipokwisha miezi tisa baba alirudi na halua, akasema ni halua ya Lamu. Karatasi yake ilikuwa ya duka la mtaani. Waliila. Hapana aliyelitaja neno hilo tena, na tangu mwaka ule binti aliacha kupita njia ya mbele ya lango kama ipo njia nyingine.

"Labda hakukusikia," mtoto alisema.

"Alisikia, mjukuu wangu. Alipunguza mwendo."

Mhasibu alikaa kimya chumbani. Yeye alilelewa akiambiwa kuwa babu yake alikuwa mtu wa safari, akajivunia jambo hilo shuleni. Hakuona haya kwa wizi wa sukari ya miaka 67 iliyopita. Aliona haya kwa jambo jingine: kwamba mtoto wa miaka mitano, kwa homa ya siku moja, alikuwa amepewa alichokikosa yeye kwa miaka yake yote, kwa sababu mtoto yule alikuwa na nafasi ya kuuliza. Alilifunga daftari, akatoka, akaketi mkekani. Mama yake alimtazama, akajua kuwa amesikia, akampa kipepeo naye ampepee mtoto.

Siku ya tano iliendeshwa na bibi. Alisema mwezi umekaribia kujaa, kwa hiyo ni bamvua, na maji yatakupwa mbali asubuhi. Alikuwa hajasoma jambo hili katika kitabu chochote. Saa nne walikuwa Bamburi, nao waliona bahari imerudi nyuma na kuacha vidimbwi katika miamba, ndani yake nyota za bahari, kaa, na visamaki vya rangi. Mvulana wa kati alimgundua jongoo wa bahari, akapiga kelele kana kwamba amekutana na ndugu wa rafiki yake. Bibi aliwakataza kuokota kombe zilizo hai, akawaonyesha jiwe moja na kusema kwamba maji yakiligusa jiwe lile kila mtu atarudi nchi kavu bila ya kubishana. Maji yaliligusa, wakarudi. Hakuna aliyebisha. Amri inayotoka kwa bahari hutiiwa upesi kuliko ile inayotoka kwenye daftari.

Jioni ile kitinda mimba alisema, "Kesho twende ngomeni wote. Bibi, mimi nitakushika mkono." Baba alitaka kumkanya, lakini mama yake aliinua kiganja. Alikaa kitambo. "Nitakwenda," alisema. "Nikichoka nitarudi."

Siku ya sita asubuhi bibi alijitanda buibui lake zuri, wakatembea kwa miguu. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira tangu mwaka 1696 hata mwaka 1698 walipoitwaa. Jela ilipoondolewa mwaka 1958 ilihifadhiwa, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Baba aliyajua haya yote kwa moyo. Siku hiyo hakuyasema mpaka alipoulizwa, na kwa kuwa hakuyasema aliulizwa sana. Kifungua mimba alitaka kujua watu waliozingirwa walikula nini. Mvulana alipanda juu ya mizinga iliyoelekezwa baharini. Wakatazama mifupa ya nyangumi, na picha za merikebu zilizochorwa ukutani na Wareno waliokuwa wakingoja, kama watoto waliofungiwa ndani siku ya mvua.

Bibi alitembea polepole, mkono wake mmoja katika mkono wa mjukuu. Alimwuliza kijana aliyekuwa akiwaongoza, "Mwanangu, wafungwa walikuwa wakilala wapi?" Kijana alimwonyesha upande mmoja wa uwanja, akaeleza kwa adabu. Bibi alitazama. Hakukuwa na kitu cha kumtoa mtu machozi: jua, majani mafupi, watalii wawili wakipigana picha. Alishukuru, akaomba apelekwe tena langoni.

Hapo alisimama ndani ya lango, akaangalia nje, mahali aliposimama mwaka 1955 na fedha za mkate mkononi. Kwa miaka yote alikuwa ameukumbuka umbali ule kuwa ni mkubwa, mkubwa kiasi cha kumfanya mtu asisikie, au adai hakusikia. Sasa aliupima kwa macho. Zilikuwa hatua chache. "Ni karibu hivi?" aliuliza, wala hakumwuliza mtu.

Kitinda mimba aliuachia mkono wake, akakimbia nje mpaka barabarani, kaka yake akimfuata kumlinda na pikipiki. Aligeuka akaita kwa nguvu, "Bibi!"

"Naam, mjukuu wangu," bibi akaitika. Kisha akatoka.

Kesho yake walipanda treni kurudi Nairobi. Katika daftari mahali panne palibaki bila ya alama: Shimba, Wasini, Arabuko-Sokoke na Mida. Mhasibu hakuyafuta majina hayo, wala hakuyahesabu kuwa hasara. Aliandika chini yake kwamba Aprili watarudi, na kwamba atauliza kwanza mwezi uko wapi.

Msomaji mwenye watoto aweza kuyatoa katika habari hii mashauri ya kawaida, nayo si ya kudharauliwa: kwamba mahali pawili kwa siku ni pengi, na pamoja panatosha, kwamba jua la adhuhuri ni la kukaa kivulini, kwamba burudani isiyo na kiingilio, kama kivuko au maji yaliyokupwa, mara nyingi huizidi ile ya fedha, kwamba katika kila safari ibaki siku moja isiyo na jina. Lakini shauri kubwa ni moja. Nchi yetu imejaa mahali pa kutembelea palipoandikwa historia ya wafalme, mabaharia na wataalamu, nayo ni historia ya kweli. Kando yake ipo nyingine isiyoandikwa popote, iliyowekwa na wazee wanaokaa jirani na kuta hizo, ambao mara nyingi huachwa nyumbani kupika siku ya matembezi. Mtoto akienda bila yao huona jengo. Akienda nao huenda akapaona mahali.

Toka nyumbani kwa bibi kwenda kwa mdogo wake wa kike ipo njia fupi, ipitayo mbele ya lango la Ngome. Kwa miaka 67 alizunguka kwa nyuma, na watu walidhani anapenda kutembea. Sasa huipita ile fupi.